Sauti kama ndani ya tangi: kabla ya kununua maikrofoni nyingine

Swali la msomaji:

"Mwalimu, salamu. Nina miaka 46, ninaishi Bweyogerere nje ya Kampala, kazi yangu ni ya stoo. Mwaka jana nilianza kujifunza adungu, yaani kinubi, ya nyuzi 9 niliyoitoa kwetu Nebbi. Sasa nataka kurekodi nyimbo zangu nyumbani, za kusikiliza na familia tu. Nimenunua maikrofoni ya kondensa, intafesi ndogo ya USB (kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) na hedifoni. Chumba ni futi 10 kwa 10, sakafu ya saruji, juu ni mabati bila silingi. Sauti yangu inatoka kama niko ndani ya tangi la maji. Chini yake kuna mvumo kama wa friji. Nikiimba, nasikia sauti yangu ikija nyuma kidogo kwenye hedifoni mpaka napoteza mwendo. Na nikiongeza kinanda cha kwenye kompyuta, adungu inasikika kama imeharibika. Nilijaribu programu ya kunyoosha sauti, ikawa mbaya zaidi. Rafiki mmoja anasema nibandike trei za mayai ukutani, mwingine anasema ninunue maikrofoni ya bei kubwa. Nianze na lipi? Au umri umeshapita na sikio langu halifai?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokukosesha raha. Sikio lako ni zima. Sikio lililochoka halingegundua kwamba sauti inachelewa kwa karibu sehemu moja ya ishirini ya sekunde, wala kwamba adungu na kinanda havipatani. Wewe umeyasikia yote mawili na ukayaeleza vizuri. Umri hupunguza sauti nyembamba za juu kabisa, zile za mlio wa nyenje, lakini kutambua kama nyuzi mbili zimelingana ni jambo la mazoezi, na mazoezi hayaulizi umetimiza miaka mingapi.

La pili, usinunue maikrofoni. Umetaja shida nne, kila moja ina mzizi wake, na sioni hata moja inayoelekea kutoka kwenye maikrofoni yenyewe. Kondensa ni sikivu sana. Ukileta ya bei kubwa, utalisikia tangi lile lile, tena waziwazi zaidi.

Tangi lenyewe ni chumba. Ingia, funga mlango, simama katikati ya kuta mbili tupu upige kofi moja kali, halafu sikiliza mkia wake. Utasikia "trrr" nyembamba ikifuata kofi. Hiyo ni sauti inayopigwa danadana kati ya ukuta na ukuta. Futi 10 ni kama mita 3. Kwenda na kurudi ni mita 6, na kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, inakupitia tena kila baada ya milisekunde 17 au 18. Masikio yako mawili, yakisaidiwa na macho, yamezoea kuipuuza danadana hiyo unapozungumza na mtu chumbani. Maikrofoni haina uwezo huo. Inachukua sauti ya mdomo na sauti ya kuta na kukukabidhi vyote vikiwa kifurushi kimoja.

Chumba cha mraba kina ubaya mwingine. Kuta zenye umbali wa futi 10 huikuza sauti nzito ya takriban hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, pande zote mbili zinaikuza sauti hiyo hiyo. Ukikaa kwenye kona, uzi wako mnene utanguruma kuliko mingine yote. Ukikaa katikati kabisa, sehemu ya uzito wake itapotea. Kaa kama mita moja na robo kutoka ukuta mmoja, na usiwe katikati ya kuta za kando. Hilo halina gharama, na tofauti utaisikia siku hiyo hiyo.

Sasa trei za mayai. Ushauri huo umezunguka sana na anayeutoa hana nia mbaya, ila trei haifanyi kazi anayodhani. Sauti ni wimbi na wimbi lina urefu: sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la kama sentimita 34, ya hezi 100 ina wimbi la zaidi ya mita 3. Kitu laini hulinyonya wimbi vizuri pale unene wake, ukijumlisha na nafasi iliyo nyuma yake, unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Kwa hezi 1,000 hiyo ni sentimita 8 na nusu. Trei ni karatasi ya milimita chache iliyokunjwa mabonde na vilima. Inatawanya kidogo sauti za juu na kuziacha nyingine zote zipite zirudi. Matokeo yake ni tangi lile lile likiwa limefifia, na juu yake umepata maficho ya mende na karatasi kavu inayoshika moto upesi karibu na nyaya za umeme.

Kitu ulicho nacho tayari ni godoro. La sponji la inchi 4 ni sentimita 10, na likisimama shubiri moja mbali na ukuta linafanya kazi kama lenye unene zaidi. Wengi hulisimamisha nyuma ya maikrofoni, na hapo ndipo wanapokosea. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia kwa umbo la moyo: mbele inasikia sana, kando kidogo, nyuma karibu haisikii. Mbele yake uko wewe, na nyuma yako uko ukuta. Kwa hiyo ukuta inaousikia zaidi ni ule ulio mgongoni kwako. Godoro liwe nyuma yako wewe, likianzia chini ya kiuno na kupita kichwa. Kisha funga kamba kulia na kushoto, uanike blanketi mbili nzito, kila moja imekunjwa mara mbili, zisigusane na ukuta. Sakafuni tandika zulia au blanketi la tatu. Mkeka peke yake ni mwembamba mno. Juu, kwa kuwa hakuna silingi, funga shuka nene au blanketi kwenye mbao za paa, lining'inie kidogo juu ya kichwa chako. Piga kofi tena. Ile "trrr" ikiwa imekufa, umefika.

Halafu sogea. Kila unapopunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, sauti yako ya moja kwa moja hupanda desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), wakati mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Kutoka sentimita 60 hadi 15 umejipatia desibeli 12, na hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa kiasi hicho kwa urahisi huo. Sentimita 15 ni shubiri fupi. Ukikaribia zaidi ya hapo sauti inavimba chini, na herufi P na B zinapiga kishindo. Pinda waya uwe duara, uvalishe soksi ndefu ya nailoni, uweke sentimita 5 hadi 8 mbele ya maikrofoni. Upepo wa midomo unakatwa na sauti inapita. Kisha punguza nguvu ya kuingiza sauti kwenye intafesi mpaka sehemu unayoimba kwa nguvu zaidi ifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo kwenye skrini. Usihofu ikionekana ndogo kwenye skrini. Ukirekodi kwa biti 24 utaikuza baadaye bila hasara. Iliyopita sifuri imepasuka, na iliyopasuka hairudi.

Adungu ni habari nyingine, kwa kuwa inatoa sauti kutoka ngozi nzima. Maikrofoni iwe sentimita 30 hadi 40, ielekee kwenye ngozi, kando kidogo ya mstari wa nyuzi, isitazame matundu. Kwenye tundu utapata mngurumo mwingi na mlio wa vidole utapotea. Kwa kuwa una maikrofoni moja, ningekushauri urekodi adungu kwanza, kisha uimbe juu yake. Kama huwezi kuimba bila kupiga, weka maikrofoni usawa wa kifua, sentimita 40 mbele yako, uiinue kidogo ukitaka sauti zaidi na uishushe ukitaka nyuzi zaidi.

Mabati hayana dawa mvua inaponyesha. Blanketi halizuii kelele ya mvua, na programu za kufuta kelele zitakula na nyuzi zako. Upande wa Kampala, miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba panga kazi yako kati ya mvua na mvua. Hata siku kavu mabati yenyewe hulia "tak, tak" jua linapoyapasha asubuhi na yanapopoa jioni. Saa nzuri ni usiku yakishapoa, au alfajiri kabla boda boda hazijaanza. Mgongo wa maikrofoni uelekeze dirishani.

Huo mvumo wa chini unatafutwa kwa hatua. Umeme wetu ni volti 240 wa hezi 50, kwa hiyo mvumo wa umeme husikika kwenye hezi 50, 100 na 150: mzito, ulio sawa muda wote, haupandi wala haushuki. Rekodi sekunde 30 za ukimya jinsi ulivyo sasa. Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi tena kwa betri. Mvumo ukipotea, unaingia kupitia chaja, na ponyo la haraka ni kurekodi kwa betri. Ukibaki, zima friji halisi urekodi tena. Mara nyingi inayosikika ni friji kweli, ikipitia ukutani au sakafuni. Ukibaki bado, chomoa waya wa maikrofoni kwenye intafesi. Mvumo ukikatika hapo, badilisha waya huo na uuweke mbali na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Kompyuta, intafesi na taa zote zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye plagi ya miguu mitatu.

Kuna "dawa" moja inayosambaa ambayo nakuomba usiiguse: kukata au kuziba mguu wa tatu wa plagi, ule wa waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Mvumo unaweza kupungua kweli. Lakini waya huo ndio unaochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini badala ya kuupitisha mwilini mwako. Ukigusa maikrofoni kwa mdomo au kasha la intafesi kwa mkono ukahisi vidudu vinatembea kwenye ngozi, acha kurekodi, zima umeme kwenye swichi kuu, umwite fundi mwenye kibali cha mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, aje kupima waya wa ardhini wa nyumba nzima. Hilo halitengenezwi kwa maelezo ya maandishi.

Kuchelewa kwa sauti ni jambo jepesi. Kompyuta haipitishi sauti kama maji ya bomba. Inaijaza kwenye ndoo, inamwaga, inajaza tena. Ndoo hiyo huitwa bafa. Ikiwa bafa ni sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024 kwa mwendo wa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila ndoo ni milisekunde 23, kuingia na kutoka ni 46. Ni kama kujisikiliza ukiwa umesimama mita 16 kutoka kwako mwenyewe. Shusha bafa hadi 128 wakati wa kurekodi, uirudishe 1,024 wakati wa kuchanganya. Kwenye Windows weka dereva ya ASIO (programu ndogo inayopitisha sauti haraka kati ya intafesi na kompyuta) iliyotolewa na mtengenezaji wa intafesi yako. Bora zaidi, intafesi nyingi zina swichi ya kusikiliza moja kwa moja, sauti yako iende kwenye hedifoni kabla haijapita kwenye kompyuta. Iwashe, na kwenye programu uzime kusikiliza kwa njia hiyo. Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewa kuliko yote haya.

Nimefika kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote manne: adungu na kinanda. Adungu yako haijaharibika, na hata nikidhani nyuzi zimelegea, bado kinanda hakina haki ya kuihukumu.

Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, inayoonyesha senti. Hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe hadi kitufe cha jirani, ni senti 100. Piga kila uzi peke yake, uandike kwenye karatasi. Tuseme nyuzi zote 9 zinaonyesha karibu senti 30 chini. Basi adungu imepatana yenyewe kwa yenyewe, ila imesimama chini kidogo ya kinanda. Usiikaze. Ingia kwenye mipangilio ya kinanda cha kompyuta, tafuta palipoandikwa Tune, ushushe kwa senti 30. Kinanda kitakuja kwa adungu, na ile hali ya "kuharibika" itaondoka palepale.

Namba zikiwa zimetawanyika, huu juu, ule chini, usikimbilie kukaza. Adungu nyingi za siku hizi hufuata do re mi, kwa hiyo kwenye nyuzi 9 una jozi mbili za sauti moja kwa ukubwa tofauti: wa 1 na wa 8, wa 2 na wa 9. Piga wa 1 na wa 8 pamoja uviache vilie. Ukisikia "wau, wau, wau", vimeachana, na kadiri inavyokwenda haraka ndivyo vilivyoachana zaidi. Ikiwa ile ya juu ingepaswa kuwa hezi 220 nayo iko 222, utahesabu mawimbi mawili kwa sekunde. Kaza au legeza polepole mpaka mawimbi yatulie. Jozi zikiwa safi na bado nyuzi za katikati hazikubaliani na simu, aliyeilinganisha yaelekea alifuata sikio lake, na sikio lina sababu zake. Mi iliyotulia vizuri juu ya do iko senti 386, kinanda kinaiweka 400. Aliyeiacha senti 14 chini hakukosea.

Hapo ndipo ile programu ya kunyoosha ilipokuumiza. Kwanza, nyingi zimetengenezwa kwa sauti moja kwa wakati mmoja, nazo nyuzi za adungu hulia juu ya nyingine. Pili, inavuta kila sauti kwenye kitufe cha karibu cha kinanda. Amadinda, marimba ya Buganda, hutoa mfano mzuri: hugawa oktavu (umbali wa do hadi do ya juu) karibu sehemu tano sawa, kila moja senti 240. Kinanda hakina 240. Kina 200 na 300. Ukiinyoosha amadinda unapata wimbo mwingine kabisa, na wazee waliozoea wakiusikia watajua kuna kitu kimetolewa. Vivyo hivyo mkwaruzo wa endongo, ala ya nyuzi ya Buganda, ambapo nyuzi hugusa ngozi ya kenge, umewekwa makusudi. Programu ya kusafisha inauona kuwa kelele na kuufuta.

Kulinganisha adungu kuna utaratibu wake. Shingo ni upinde, na upinde hupinda. Ukikaza uzi mmoja, shingo inavutwa kidogo na mingine yote inalegea. Kwa hiyo zunguka nyuzi zote mara mbili au tatu, hutamaliza kwa mzunguko mmoja. Uzi wa nailoni ukiwa mpya hurefuka: ukaze, uvute kwa kidole katikati taratibu mara kadhaa, ukaze tena, rudia mpaka usishuke. Daima malizia ukipanda. Umepitiliza? Legeza hadi chini ya sauti uitakayo, kisha upande upya, la sivyo utateleza katikati ya wimbo. Kigingi kinachorudi nyuma kichomoe, kipake chaki kidogo, ukirudishe kwa kusukuma ndani huku ukizungusha. Ngozi nayo hunywa unyevu: hewa ikiwa na mvua inalegea na sauti zinashuka, ikikauka inakaza na zinapanda. Ilete chumbani saa moja kabla ya kurekodi, usiianike juani ili "ikaze", na umalize wimbo mzima kwa mkao mmoja. Nusu ya jana na nusu ya leo hazitaungana.

Kama ngozi imepasuka, imeachia ukingoni, au shingo inacheza pale inapoingia kwenye kasha, usitie gundi ya dukani. Mpelekee mtengenezaji wa adungu, hata ikibidi isubiri safari yako ijayo ya Nebbi. Gundi ngumu juu ya ngozi humharibia kazi atakayeibadilisha. Ukitaka mtu akuangalie mikono na mkao, jaribu Ndere Cultural Centre pale Ntinda: vyombo vya makabila mengi ya Uganda hupigwa jukwaani, adungu ikiwemo, na baada ya onyesho unaweza kumuuliza mpigaji ana kwa ana. Vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida. Ganzi au maumivu yanayopanda hadi kiwiko si kawaida, mwone daktari. Vivyo hivyo masikio yakivuma zaidi ya siku moja baada ya kuvua hedifoni: nenda kliniki ya masikio, na kabla ya hapo usizivae tena.

Pesa uliyotaka kununulia maikrofoni iache. Ukihitaji kutumia kidogo, nunua waya mmoja mzuri wa maikrofoni, stendi isiyotikisika na nyuzi za akiba. Jumamosi hii hamisha godoro, piga kofi, pima nyuzi zote 9 na uandike namba zake kwenye karatasi. Karatasi hiyo itunze ndani ya mfuko wa adungu, maana utaihitaji kila utakapowasha kinanda.